Mishale Mitatu ya Pejo ya Mzee Sibomana

Mafundi wa magari Kamembe ni wengi, lakini fundi mwenye sauti ni mmoja: Ridhwani. Akikaza skrubu, mtaa wa pili wanajua. Akimaliza kazi, hata waliovuka mpaka kwenda Bukavu wameshapata habari. Na msimseme vibaya, maana mengi anayojisifia ameyafanya kweli. Mengi, sikusema yote.

Safari hii aliletewa Pejo 504 ya Mzee Sibomana, gari lililoingia barabarani Ridhwani hajaota jino. Bodi safi, viti vya ngozi, honi ya kuamsha wafu. Ugonjwa ulikuwa kwenye tablo, ule ubao ulio mbele ya dereva: vipimo vyote vilishakufa kwa uzee. Mzee alikuwa anapanda mlima wa kutoka Bugarama bila kujua joto la injini, anakuja kushtuka mvuke umeziba kioo, utadhani kuna mtu anasonga ugali chini ya kapo, yaani boneti.

Mkewe, Maman Mukankusi, alichoka. Akaja gereji mwenyewe, kidole juu.

"Ridhwani, sikia muzuri. Jumamosi tunaenda Bugarama kuchukua bibi arusi wa mutoto wetu. Hii gari ikichemka na bibi arusi ndani, Jumapili Delphin anaikata vipande."

Delphin huyo, mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka Bukavu, alikuwa papo hapo anagongagonga bampa kama mtu anayechagua mbuzi wa Idi.

"Usiogope, Mzee," akamwambia Sibomana. "Nitaikata polepole. Haitasikia maumivu."

Mzee wa watu hakucheka. Aliweka mkono juu ya usukani akaangalia pembeni.

"Toa mikono yako pale!" Ridhwani akamfokea Delphin. "Hii gari naitia macho. Jumamosi itapanda mulima na itafika!"

Akatafuta vipimo vitatu vipya: cha joto, cha mafuta, cha umeme. Tablo ya Pejo haikuwa na nafasi, basi akachukua mfuniko wa sufuria, akaukata, akausugua kwa majivu na limau mpaka ukawa kioo cha kunyolea ndevu. Akautoboa matundu matatu, akaufunga chini ya redio. Nyaya akazipanga zikanyooka kuliko mistari ya daftari la mtawa.

Mwisho akafunga kule kwenye injini kichwa cha kupimia joto, kidude cha shaba kinachogusa maji ya moto na kupeleka habari kwa mshale. Sasa, kabla ya magari Ridhwani alikuwa fundi bomba, na mkono wake ulishazoea: hesi, yale meno ya skrubu, haiingii mahali bila utepe mweupe wa kuzuia maji. Akakivisha utepe, akaongeza, akaongeza tena, akakaza.

Akaita watu. Akawasha. Mshale wa mafuta ukasimama. Wa umeme ukasimama. Wa joto ukalala. Injini ikapata moto mpaka bomba halishikiki, mshale umelala tu.

Delphin alicheka mpaka akashika nguzo. "Umeitia macho, Papa, lakini moja ni kipofu!"

Ridhwani akainama chini ya kapo kuficha uso. Akachukua kipande cha waya, ncha moja kwenye hasi ya betri, ncha nyingine akagusia ubavu wa kile kichwa.

"Imeamka!" Mzee Sibomana akapiga kelele ndani ya gari.

Akaondoa waya.

"Imelala!"

Hapo ndipo akaelewa. Kile kidude kinapata masi, yaani njia ya umeme kurudi, kwa kugusana na chuma cha injini, naye amekifunga utepe kama mtoto mchanga wa wakati wa baridi! Akangoja injini ipoe, akijifanya ana kiu ya chai. Kisha akakifungua, akakivua utepe wote, akaweka washa, pete ya shaba ya kuzuia maji, akakaza, akawasha tena injini. Safari hii mshale ulipanda wenyewe.

"Ilikuwa na shida gani?" Mzee akauliza.

"Iliona aibu tu, Mzee. Bantu balikuwa bengi."

Utepe ulikuwa mfukoni.

Jumamosi ikafika. Kurudi kutoka Bugarama, Mzee kwenye usukani, Ridhwani kando yake ndani ya suti, nyuma Maman Mukankusi na bibi arusi Clarisse aliyepakwa poda vizuri. Mlimani wakakwama nyuma ya lori linalotambaa. Mshale wa joto ukaanza kusogelea nyekundu.

"Fungua hita!" Ridhwani akasema. "Yote! Tuvute moto wa injini uje huku ndani."

Joto likawapiga usoni. Poda ya bibi arusi ikaanza kuteremka.

"Unatuchemsha!" Maman akalia.

"Heri muchemke ninyi, Maman, moteri ipoe!"

Mshale ukasita. Ukatetemeka. Ukarudi, taratibu, mpaka katikati. Mzee akalipita lori huku anaimba, kiganja chake kimekwama kwenye honi, na wakaingia Kamembe bila tone la mvuke, vigelegele barabara nzima.

Delphin alikuwa kati ya watazamaji. Maman Mukankusi akashuka, kitenge kimelowa jasho, akalipiga kapo kofi.

"Hii haiuzwi! Kesho tunaenda nayo misani." Akamgeukia fundi. "Lakini weye Ridhwani, ukifungua hiyo hita tena, nakuuza weye kwa Delphin, na suti yako."