Breki za Lori la Jeshi

Lori lile lilipoingia kwetu Bariadi lilibomoa kona ya choo. Lilikuwa linavutwa na trekta, injini haiwaki, breki halina, na dereva wa trekta alipopunguza mwendo getini lenyewe halikupunguza. Nilitoka jikoni na mwiko mkononi nikamkuta mume wangu amesimama katikati ya matofali, anatabasamu kama bwana harusi. "Nesi," akaniambia, "njoo umwone mgeni." Kona ile mpaka leo haijajengwa.

Mgeni mwenyewe alikuwa lori la jeshi la zamani, la Kichina, rangi ya majani iliyobabuka, milango haishiki, na nyuma kwenye bodi nyasi zimeota kama shambani. Mume wangu alikuwa dereva jeshini tangu ujana wake, na lori la namna hiyo ndilo alilojifunzia. Alipostaafu, wenzake walinunua ng'ombe. Yeye akaenda mnadani Mwanza akaninunulia chuma chakavu. Mie ni mtu wa Muheza. Nililetwa huku na kazi ya unesi, nikabakishwa huku na Msukuma huyu, na nimezoea mengi, lakini siku ile nilisema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Alinisikiliza mpaka nikachoka, halafu akaenda kutafuta mawe ya kuzuia magurudumu.

Aliyenituliza ni mwanangu. Alikuwa amemaliza chuo cha ufundi, kijana mzima, ndevu zimeanza kukaa vizuri, na ajira hana. Kabla ya lori, yeye na baba yake hawakuwa na la kuzungumza. Shikamoo, marahaba, basi, kila mtu anaangalia upande wake. Lori likawapa maneno. Walijenga kibanda cha mabati uani wakakiita gereji, na kila Jumamosi nilikuwa nawasikia humo wakibishana juu ya pampu, juu ya gia boksi, juu ya nani kapoteza spana namba kumi na saba. Mwanangu alimwita baba yake Afande, kwa utani, na mie nikaiga. Wakiingia ndani kula walifuta mikono kwenye taulo zangu nyeupe. Niligomba kila mara, na kila mara walikubali kosa kwa adabu sana, na Jumamosi inayofuata yaleyale.

Siku injini ilipowaka, moshi ulijaa mtaani, kuku wakakimbilia kwa jirani na hawakurudi mpaka jioni. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alikuwa amekuja kututembelea kutoka kwao Ipililo. Alisimama mbali, kanga amejiziba puani, akasema gari lililobeba watu kwenda vitani halifugwi nyumbani. Tulimcheka wote watatu, naye akacheka kidogo.

Zilikuwa zimebaki breki tu. Kila gurudumu la lori lile lina silinda ndogo inayosukuma breki kwa mafuta, na ndani ya silinda kuna mipira ya kuzuia mafuta yasivuje. Mipira ilikuwa imekufa yote. Ya saizi ile huku hakuna, kwa hiyo mume wangu akapanda basi kwenda Mwanza kuitafuta. Mwanangu alikuwa hana kazi siku hiyo bila baba yake, akaazima pikipiki ya rafiki akaenda Mkula kumsalimia mtu. Sikumuuliza mtu gani, nilijua ni msichana. Wakati wa kurudi, ng'ombe walikuwa wanavuka barabara na yeye hakuwaona mapema.

Nilikuwa zamu. Walimleta wamemlaza nyuma ya pikapu, na mimi ndiye niliyetoka na machela. Nimepokea majeruhi miaka mingi, na hata siku ile nilifanya kazi kama kawaida, mpaka wenzangu waliponiondoa wakaniambia, dada, wewe mshike mkono tu, mengine tuachie sisi. Nikamshika. Alikuwa na fahamu zake. Hakulalamika maumivu, na mie mwenye kazi yangu nilielewa maana yake. Aliniangalia akaniuliza, "Mama, baba kapata mipira?" Nikamwambia kapata. Sikuwa najua kama kapata au hakupata. Akasema, "Haya." Hakusema kingine tena.

Tulimzika Ipililo. Kwenye misiba ya huko wanawake hukaa ndani kwenye mikeka, na wanaume hukaa nje kwenye moto wao, shikome wanauita, na chakula chao hupelekwa hukohuko. Ndani nilisimulia. Nilisimulia mara nyingi mno, kila aliyeingia kunipa pole nilianza upya, na wifi yangu alikaa pembeni yangu akilia na kuwasimulia waliokaa mbali. Mume wangu alishuka kwenye basi akapokelewa na wanaume, akakalishwa na wanaume. Nilimwona kaburini. Alikuwa amesimama wima kama yuko paredi, macho makavu. Alishika udongo akarusha, akapangusa mkono kwenye suruali.

Na tuliporudi Bariadi, watu wa kutoa pole hata hawajaisha kuja, nikasikia spana.

Nikachungulia dirishani. Alikuwa amechuchumaa kwenye gurudumu la nyuma, kafungua kipakiti cha mipira, anaivisha kwenye silinda mmoja baada ya mwingine, polepole, anaipaka mafuta kwa kidole. Nilijiambia, huyu ameshaambiwa. Anajua mtoto wake alisema nini mwisho, na ameweza kuivisha hiyo mipira kama mtu anayebadilisha balbu ya taa. Nilimchukia. Nasema kama ilivyokuwa, nilimchukia mpaka nikawa nafunga dirisha nisisikie harufu ya grisi.

Nilichotaka kwake kilikuwa kimoja: aje akae karibu yangu aniulize ilikuwaje. Basi. Nilitaka tumlilie pamoja, maana mtoto alikuwa wetu wawili. Nimeona wanaume hospitalini wakipiga ukuta ngumi, nimeona wengine wakianguka, wengine wakitukana manesi, na wote hao niliwaelewa. Wangu aliniuliza chumvi iko wapi. Aliacha kuniita Nesi. Aliacha hata kuniita mama fulani, jina la mtoto, kama alivyokuwa anafanya mbele za watu. Akinihitaji alikohoa. Tulipita masika hivyo, tukapita mavuno ya pamba hivyo, nyumba moja, meza moja, na mtu anakohoa.

Wifi yangu alikuja tena. Safari hii hakusimama mbali, alikuja moja kwa moja mpaka jikoni akaniita mayu, yaani mama, akasema lile gari litolewe, ukoo mzima unasema litolewe. Mambo ya damu ya vitani mie siyaamini. Lakini nilimwambia, kwa mara ya kwanza wifi tumekubaliana.

Nilikuwa nimeshaomba uhamisho wa kurudi Tanga na ulikuwa umekubaliwa. Siku hiyo mchana nilimfuata mume wangu gereji. Nilikuwa sijakanyaga mle tangu msiba. Nikamwambia, "Mimi naondoka. Siwezi kuendelea kuishi na hilo chuma lako, na wewe sijui kama naweza." Alikuwa anasugua kitu kwa msasa. Hakugeuka. Akasema, "Lori litaondoka. Kuna mtu wa Maswa atalichukua abebee pamba." Nikasubiri aseme la pili, kuhusu mimi. Akasema, "Ila haliwezi kutoka bila breki, na kutoa upepo siwezi peke yangu. Nahitaji mguu."

Mtaa mzima wa Bariadi una miguu. Vijana wa bodaboda wako pale kona, angepiga mluzi wangekuja watano. Nilitaka kumwambia hivyo. Sijui kwa nini nilipanda.

Kazi yenyewe ni hii. Mmoja anakaa juu kwenye kiti cha dereva, mwingine analala chini kwenye gurudumu. Wa juu anakanyaga pedeli ya breki mara kadhaa kisha anaishikilia. Wa chini anafungua skrubu ndogo, mafuta yanatoka na upepo uliojificha kwenye mabomba, na pedeli inazama mpaka chini. Wa juu haruhusiwi kuachia mpaka wa chini afunge skrubu na aseme. Ukiachia mapema upepo unaingia tena na kazi yote imeharibika. Alinieleza hayo bila kuniangalia, akachukua kopo na spana, akaingia chini ya lori kule nyuma kabisa. Unaanza na gurudumu la mbali, unakuja unakaribia.

"Kanyaga," akaita.

Nikakanyaga.

"Shikilia."

Nikashikilia. Pedeli ikazama chini ya kiatu changu.

"Achia."

Tulifanya hivyo alasiri nzima. Kanyaga, shikilia, achia. Niligundua katikati ya kazi kwamba hayo ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote tuliyokuwa nayo tangu msiba, nikaona uchungu na nikaona pia kichekesho. Kila alipomaliza gurudumu nilimsikia akijiburuza kuja mbele, akipumzika, akihema. Ametoka kuwa kijana siku nyingi. Sauti yake ilikuwa inakaribia. Alipofika gurudumu la mwisho, la mbele upande wangu, alikuwa chini ya miguu yangu kabisa, hahitaji kupaza sauti.

"Kanyaga," akasema. Nikakanyaga. "Shikilia." Nikashikilia, pedeli ikazama, nikasubiri aseme achia. Hakusema.

"Umefunga?" nikauliza.

"Nesi," akasema.

Nilikuwa sijaitwa hivyo tangu msiba.

"Alilala pale barabarani kwa muda gani?"

Nilidhani sijasikia vizuri. "Nani?"

"Mtoto," akasema. "Waliniambia ni hapohapo, hata hakuteseka. Sijawahi kuuliza zaidi. Nilikuwa naogopa jibu. Najiuliza tu kila siku kama kuna mtu aliyemfunika. Kama alitokea mtu akavua hata shati akamfunika, au waliachwa pale, yeye na wale ng'ombe."

Mikono yangu ilikuwa kwenye usukani. Nikaushika kwa nguvu. Nikaelewa kila kitu kwa pamoja, lile basi, wale wanaume waliompokea, ule uongo wao wa huruma. Wote ndani ya nyumba tulijua. Nje kwenye moto hakuna aliyefikishiwa habari, au aliyefikishiwa alidhani baba ndiye wa kwanza kujua. Na wifi yangu alidhani mimi nimemwambia mdogo wake, na mimi nilidhani yeye amemwambia. Tulikuwa tunalala kitanda kimoja, kila mtu na kifo chake.

"Afande," nikasema, "hakufia barabarani."

"Usinidanganye. Nimeshadanganywa vya kutosha."

"Sikudanganyi. Alifika hospitali akiwa hai. Zamu ilikuwa yangu, nilimpokea mimi. Nilikuwa nimemshika mkono mpaka mwisho."

Nilisikia mafuta yakidondoka kwenye kopo chini.

"Wewe ulikuwepo," akasema.

"Nilikuwepo."

"Na dada anajua?"

"Wanawake wote wanajua. Nilisimulia mpaka sauti ikakauka."

"Mimi nilikuwa nje," akasema. "Mimi walinikalisha nje."

Nikamwambia yote. Nilimwambia ile pikapu, nani aliyemleta, kwamba walikuwa wamemfunika kwa koti la mvua la mtu, kwamba hakuwa anasikia maumivu. Nilisema nikiangalia mbele kwenye kioo, kwa sababu kama ningemwona uso nisingeweza. Halafu nikafika pale. "Aliongea," nikasema. "Aliniuliza kama umepata mipira."

Kitu kikagonga chini, nadhani spana.

"Nikamwambia umepata," nikasema. "Sikuwa najua."

"Nilipata," akasema. "Nilikuwa nayo mfukoni, niko stendi Mwanza nasubiri basi. Nilikuwa nimepata."

Ndipo alipolia. Hakupiga ukelele, alilia kwa kukatika pumzi, kama mtu aliyebeba gunia mlimani. Nikataka kushuka, nimekwishaanza kujisogeza kwenye kiti, akasema, "Usiachie." Nikarudisha uzito wote kwenye ule mguu.

"Alisemaje?" akauliza.

"Nimekwambia."

"Kama alivyosema yeye. Maneno yake."

"Mama, baba kapata mipira?"

Akavuta pumzi. "Rudia."

Nikarudia. Akaniambia nirudie tena, nikarudia, kwa sauti ileile ndogo aliyokuwa nayo mtoto. Skrubu ilikuwa bado wazi, mafuta yalikuwa yamevuja yote kutoka juu, upepo umeingia kwenye mabomba, na jasho la alasiri nzima limepotea bure. Niliendelea kumrudishia maneno yale mpaka mguu ukafa ganzi kwenye ile pedeli, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka breki.