Bi Salhiya, Mwezi na Mlango wa Benki

Saa mbili kasorobo asubuhi, mwezi ishirini na nane Ramadhani, foleni mbele ya benki moja jirani na Darajani, mjini Unguja, imeshakata kona. Mlango bado haujafunguliwa. Bi Salhiya Ubwa, sare ya bluu, mtandio mweusi chini ya kofia ya ulinzi, anapita kwa mtu mmoja mmoja akisema maneno yale yale kwa sauti ya kukumbusha, si ya kufoka.

"Mwezi ukiandama kesho, tunafunga benki Jumatano na Alhamisi. Usipoandama, tunafunga Alhamisi na Ijumaa. Mwenye haja na fedha zake azichukue leo au kesho. Asije mtu akaniambia hakusikia."

Tangazo lipo. Limebandikwa kiooni tangu juzi, lina mhuri na sahihi, na maandishi yake ni madogo kama ya karatasi ya ndani ya boksi la dawa. Wazee wa shamba, wale wa vijijini, hawahangaiki nalo. Wanamsubiri Bi Salhiya afike walipo, wamsikilize.

Mzee mmoja wa Chukwani, bakora mkononi, anamuuliza kama mwezi ameshauona au bado anauficha ndani ya hilo koti lake. Foleni inacheka. Bi Salhiya anamwamkia kwanza, kama adabu inavyotaka, kisha anamjibu kwamba yeye analinda mlango tu, mwezi una wenyewe.

Ana miaka arobaini na sita, na kumi na moja kati ya hiyo ameipitishia mbele ya mlango huu. Amezaliwa kisiwani Tumbatu. Leo amepanga chumba Chukwani kwa shilingi elfu sitini kwa mwezi, katika mshahara wa laki tatu na elfu kumi anaolipwa na kampuni ya ulinzi. Watu wengi humwona ni mama wa kupekua mikoba. Waliomzoea wanajua kwamba kazi yake kubwa ni siku ambazo benki haifanyi kazi.

Maana benki ikifungwa, kila mtu anakwenda kwake isipokuwa mlinzi. Krismasi yupo. Pasaka yupo. Siku ya Mapinduzi yupo, Maulidi yupo. Anasema sikukuu hizo hazina ubishi, kalenda inazijua tangu mwaka unapoanza, na hata Maulidi na ile ya Mfunguo Tatu, Idi ya kuchinja, zinazofuata mwezi, hutoa siku kumi za kujipanga. Yenye ubishi ni moja tu, sikukuu ya Mfunguo Mosi, watu wanapomaliza kufunga.

"Hiyo inakutia wazimu," anasema. "Saa kumi na mbili jioni hujui kama kesho unavaa jipya au unafunga. Na mwezi haupigi simu benki."

Kuna mwaka, anakumbuka, foleni moja ilikuwa na waliofunga na waliovaa kanzu mpya wameshaswali Idi kwa kufuata mwezi wa kwingine. Wote wakasimama kwa ustaarabu wao na yeye akawapekua wote sawasawa.

Lakini Bi Salhiya hakuanza na busara hii. Aliipata kwa kukosea, na kosa lenyewe halisimulii kwa raha.

Ilikuwa mwaka wake wa tatu kazini, mwezi ishirini na tisa Ramadhani, saa za kufunga benki zimekaribia. Bi Amne, bibi wa Makunduchi anayelea wajukuu wanne, alikuwa mtu wa mwisho kwenye foleni ndefu. Alifuata fedha alizotumiwa na mwanawe aliyeko Maskati, za nguo za sikukuu za watoto. Swaumu ilikuwa imemkamata, midomo imekauka, amejishikiza ukutani. Bi Salhiya akamwonea huruma. Soko zima siku ile lilikuwa likisema mwezi utatimia thelathini, na yeye akalibeba neno la soko. Akamwambia bibi akapumzike kwa jamaa zake mjini, arudi kesho asubuhi, foleni haitakuwepo.

Magharibi mwezi ukaonekana.

Asubuhi ya sikukuu mosi, siku ya kwanza ya Idi, takbira zikisikika kila pembe, Bi Salhiya akamkuta Bi Amne amekaa kwenye ngazi za benki, buibui lake amelinyoosha vizuri. Alijua kuwa ni sikukuu. Alisikia tangazo la mwezi kama watu wengine. Alipoulizwa kwa nini basi amekuja, alishangaa swali. "Si wewe uliniambia nije?"

Mashine ya kutolea fedha ilikuwepo nje, lakini Bi Amne hakuwa na kadi, na hata angekuwa nayo, sikukuu mosi mashine huwa imekauka kabla ya saa nne. Bi Salhiya alimpa nauli ya kurudi kwao na nusu ya chakula chake. Wajukuu wanne wakasherehekea na nguo za mwaka uliopita.

"Hakunilaumu hata neno moja," anasema Bi Salhiya, na hapa anajifuta macho bila kuficha. "Angenisema, ningepumua. Alinishukuru kwa nauli."

Tangu siku ile, neno "njoo kesho" halimtoki kinywani ndani ya kumi la mwisho la Ramadhani. Alinunua daftari la shule lenye jalada la kijani na kuanza kuandika majina na namba za wazee wanaokuja kutoka mbali: Nungwi, Makunduchi, Mkokotoni, Kizimkazi. Wa kwanza ni Bi Amne. Leo wamo sitini na tatu. Kila mara benki inapokaribia kufungwa, iwe ni Idi au Mapinduzi, huwapigia mmoja mmoja baada ya kazi. Asiyepokea humtafuta kwa jirani. Vocha ni ya mfukoni mwake, elfu tano kila sikukuu, na hakuna aliyemtuma. Mtu wa namna hii ukimpata katika mji, mshike.

Sasa, mtu huyu anayewaambia watu sitini na tatu ni siku gani wataukuta mlango wazi, kuna mtu mmoja ambaye kwa miaka mitano hakuweza kumwambia lolote la hakika. Mtu huyo ni mama yake.

Bi Mwatima ana miaka themanini na moja, yuko Tumbatu, na macho yameanza kumwacha. Tangu mumewe afariki miaka mitano iliyopita, ana desturi yake: sikukuu mosi hafungui kinywa mpaka Salhiya afike, au apige simu kusema hafiki. Anapika tambi, anachoma mkate wa ufuta, anafunika, anakaa. Kila mwaka kwa miaka mitano ilikuja simu.

Sababu ni karatasi. Walinzi wa mchana kwenye tawi lile ni wawili, Bi Salhiya na Miraji Jecha, kijana wa miaka thelathini na nne. Kila mmoja hupewa siku moja ya mapumziko katika sikukuu, lakini jina na tarehe lazima vipelekwe makao makuu ya kampuni, Dar es Salaam, kabla ya mwezi ishirini na tano Ramadhani. Huko wanataka tarehe, hawataki habari za mwezi.

Kwa hiyo mmoja huchukua tarehe ya kwanza, mwingine ya pili. Tarehe ya pili haina hasara, kwa sababu mwezi ukiandama mapema inaangukia sikukuu pili, ukichelewa inaangukia sikukuu mosi. Tarehe ya kwanza ni kubahatisha. Ukiandama, umepata sikukuu mosi yenyewe. Usipoandama, siku yako ya mapumziko inakwisha ukiwa na swaumu, na sikukuu mbili zote uko mlangoni.

Bi Salhiya miaka yote huchukua ya kwanza. Miraji ana watoto watatu wadogo, anasema, na mtoto huwezi kumwambia sikukuu imeliwa na karatasi. Katika miaka hiyo mitano, mara nne mwezi ulitimia thelathini. Mara moja uliandama, naye akawa ameshafunga mkoba wa safari, lakini mlinzi wa tawi jingine akaugua na yeye akaitwa kuziba pengo. Basi tena.

Mwaka huu Miraji aliona haya. Bila kumwambia mwenzake, alikwenda kwa msimamizi wao kabla ya karatasi kupelekwa, akaomba wabadilishwe, yeye aandikwe Jumatano, Bi Salhiya aandikwe Alhamisi, ile isiyo na hasara. Jumanne adhuhuri Bi Salhiya akaliona jina lake mbele ya Alhamisi kwenye karatasi ya zamu, akalisoma mara mbili. Alimshukuru Miraji mpaka kijana akatafuta pa kujificha.

Jioni hiyohiyo, mwezi ukaandama.

Idi ikawa Jumatano. Ile tarehe aliyoizoea, aliyoibahatisha mwaka baada ya mwaka, safari hii ndiyo iliyopata, na haikuwa yake tena. Wema wa Miraji ulikuwa umeipeleka kwa Miraji.

Bi Salhiya alimpigia mama yake baada ya kufuturu. Alimwambia atakuja pili, si mosi. Bi Mwatima akamjibu kama alivyomjibu miaka yote, kwamba kazi ni ibada na Mungu ampe subira. Bi Salhiya anasema mama hakusikika kama amehuzunika. Alisikika kama mtu aliyezoea, na hilo ndilo lililomkosesha usingizi.

Asubuhi ya sikukuu mosi, saa kumi na mbili na nusu, yuko mlangoni. Mji unanukia udi na mafuta ya kukaangia. Watu wanapita kwenda kuswali, wanampa mkono wa Idi kwa mbali. Vijana wawili wanakuja kuitikisa mashine ya fedha, wanaondoka mikono mitupu. Katika wazee wake sitini na tatu hajaja hata mmoja, na hiyo ndiyo sikukuu yake, kuona ngazi zile hazina mtu.

Saa mbili na nusu anatokea Miraji. Kavaa kanzu nyeupe inayong'aa na kofia ya mkono, watoto wake watatu nyuma yake wamepangana kwa urefu, na kwapani ana mfuko wa plastiki. Ndani ya mfuko mna sare yake.

Bi Salhiya alikataa. Kampuni ikimkuta mtu ameacha zamu bila karatasi, humkata mshahara wa siku tatu, yeye na aliyemshikia zamu, na Miraji anaishi kwa mshahara uleule. Wakabishana palepale, yule wa kanzu na yule wa sare, watoto wakitazama. Mwisho Miraji akampigia simu msimamizi na kumweleza kisa chote bila kuficha.

"Mimi leo sikukuu sipiti Darajani," msimamizi akasema. "Kesho nitapita. Nikipita nataka nimkute mlinzi mmoja mlangoni, sare safi. Jina lake sitauliza."

Miraji akakata simu. "Bi Salhiya, nilitaka kukupa sikukuu nikakunyang'anya. Nipe hiyo kofia, tafadhali. Nenda kwa mama."

Aliivua. Alimwachia na kifaa cha kupekulia, akawapa watoto mkono wa sikukuu, shilingi mia tano kila mmoja, akatoka mbio na viatu vya kazi miguuni. Alipata gari ya kwenda Mkokotoni, kisha boti ya kuvukia. Kesho yake saa kumi na mbili na nusu alitakiwa awe amerudi mlangoni kwa zamu ya Miraji, kwa hiyo alikuwa na mchana ule tu.

Kinachofuata alikisimulia mwenyewe, siku tatu baadaye, amekaa barazani nyuma ya benki na uji wake.

Alifika kwao adhuhuri inakaribia kuadhiniwa. Bi Mwatima alikuwa amekaa ukumbini, chakula kimefunikwa kawa mbele yake, ameshakula kidogo kwa kuwa simu ilishapigwa jana yake. Alisikia hodi, akaijua sauti. Hakucheka wala hakuinuka. Alijishika kifuani.

"Kafa nani?" aliuliza.

Bi Salhiya alidhani hakusikia vizuri. Mama akarudia, akitaka aambiwe upesi asifichwe kitu. Maana miaka mitano mwanawe hakuja sikukuu mosi, na leo kaja, tena na viatu vya kazi. Kwa akili yake kilichoweza kumleta ni msiba.

"Nilimkumbatia, nikamwambia hajafa mtu, mama, nimekuja kula," anasema Bi Salhiya. "Hakuniamini mpaka nilipokula tambi. Akawa ananishika uso, ananipapasa, anauliza tena. Nililia mimi, akalia yeye, tambi zikapoa. Tukazila hivyohivyo."

Alikaa mpaka baada ya alasiri, akavuka, na asubuhi yake akawa mlangoni. Msimamizi alipita saa tatu, akatazama sare, akasema safi, akaendelea na safari yake.

Sasa Bi Salhiya ana barua. Ameiandika kwa mkono, kwenye karatasi iliyochanwa katikati ya daftari la kijani, na inakwenda Dar es Salaam kwa wakubwa wa kampuni. Haombi nyongeza wala siku ya ziada. Anaomba kwamba kwenye ile karatasi ya mapumziko, mahali palipoandikwa "tarehe", walinzi wa Unguja na Pemba waruhusiwe kuandika "sikukuu mosi" au "sikukuu pili", siku yoyote itakayoangukia. Wagawane sikukuu, wasigawane kubahatisha. Miraji ametia sahihi chini yake. Bi Mwatima, aliposomewa kwa simu, alisema na yeye anataka kutia dole gumba, ikabidi aambiwe kwamba yeye si mlinzi.

Hajui kama watamjibu. Anasema atasubiri, kusubiri ndiyo kazi aliyosomea. Wakikubali, mwakani watapokezana, mwaka wa Miraji na mwaka wake, na kila mmoja ataijua siku yake hata mwezi ukijificha.

Na ukifika mwaka wake, anataka nini hasa? Anakoroga uji, anafikiri, kisha anajibu taratibu.

"Nataka nipige hodi sikukuu mosi, na mama asishtuke."