Fundi Anayefukia Visima Vyake

Saa moja na nusu asubuhi, uani kwa Jovina huko Temeke, kamba ya kisima inateremka. Kando ya kisima limewekwa bakuli jeupe la bati, limesuguliwa mpaka linang'aa. Majirani watatu wamesimama mlangoni. Mtu aliyekichimba kisima hiki, Albano Chilumba, amekipa mgongo, macho yake kwenye ua wa makuti.

"Geuka, fundi," Jovina anamwambia. "Si wewe uliyesema tuje tuone?"

"Vuta kwanza, Mama Demetria. Mie nitageuka."

Albano ana miaka hamsini na miwili. Tangu mwaka 1947 amechimba visima thelathini na kimoja katika viunga hivi, kuanzia hapa mpaka Chang'ombe. Katika miezi kumi iliyopita, hadi Februari hii ya mwaka 1954, amefukia ishirini na vitatu kati ya hivyo. Anafukia kwa koleo lilelile alilochimbia, na hamtozi mtu hata senti. Majuto ni mjukuu, walisema wahenga, na kwa Albano huyo mjukuu kafika mapema na kaja kukaa.

Kwao ni Newala, juu kwenye uwanda wa Wamakonde. Huko shimo huchimbwa mpaka mtu achoke, na chini hukuti ila vumbi.

"Mama yangu alikuwa anateremka bondeni na mtungi asubuhi, anarudi jua limeinama," anasimulia. "Mtungi mmoja tu! Huyu Jovina ni Mhaya, kazaliwa ziwani. Namwambiaga, nyie kiu mtaijulia wapi?"

Basi alipofika Temeke, akapiga jembe na kukuta maji futi kumi na nne tu, alikaa chini akalia. Mji ulikuwa unafura. Watu walishuka kila wiki kutoka bara na kusini kutafuta kazi, vibanda vikaota, na kila mwenye kibanda alitaka vitu viwili, kisima na choo. Albano akawachimbia vyote viwili, uani humohumo, wiki hiyohiyo, kwa shilingi kumi na nane. Watu wakamsifu kwa urahisi wake.

Umbali kati ya shimo na shimo ulikuwa hatua nane. Kiwanja kikiwa kikubwa, kumi.

"Kwetu shimo la choo ni kavu mpaka chini," anasema. "Sikuwahi kufikiri kwamba kinachoingia huku kinaweza kutokea kule. Mchanga wa hapa ni chujio bovu. Masika ikija, maji ya chini yanapanda, yanayafuata mashimo. Mie sikulijua hilo, na nilikuwa najiita fundi!"

Tena alikuwa na desturi aliyorithi kwa baba yake. Maji yakionekana, fundi ndiye anayeonja kwanza, mbele ya mwenye nyumba. Akitikisa kichwa, shimo linafukiwa. Akimeza na kusema "Bismillah" au "Mungu asifiwe", kutegemea ua ni wa nani, watu wanapiga vigelegele na kuteka. Ulimi wa Albano ukawa ndio hati ya kisima. Ameonja visima vyote thelathini na kimoja, na ulimi huo haukumwambia kitu.

Cha Jovina kilikuwa kitamu kuliko vyote. Ndiyo maana anakiogopa.

Masika ya mwaka jana Demetria, bintiye Jovina, mwenye miaka saba, alishikwa na homa ya matumbo. Aliugua siku kumi na sita. Kiu ilimkamata, na mama yake akawa anamtekea maji kisimani na kumnywesha kwa kata, taratibu, mchana kutwa. Siku ya kumi na saba alimzika.

Mwezi huohuo bwana afya mmoja, Ansbert, kijana mpole mwenye baiskeli, alimtafuta Albano. Hakumfokea. Alimchukua mpaka kwenye ua mmoja Chang'ombe, akamwaga chooni unga mwekundu wa dawa, ambao ukiingia majini huyageuza kijani, akamwambia arudi kila siku. Siku ya tisa ndoo ya kisimani ilitoka na maji ya kijani.

"Niliimwaga ile ndoo," Albano anasema. "Nilimwomba Ansbert anipe ule unga. Nikaanza kupita nyumba kwa nyumba."

Wengine walimfukuza, na mmoja alimrushia jiwe. Jovina ndiye aliyekataa kwa muda mrefu zaidi. Bomba la Serikali liko robo tatu ya maili, na foleni yake ni ya kukesha, lakini haikuwa hiyo sababu. Mwandishi wa makala haya alipomuuliza, alijibu bila kuficha.

"Maji yakiwa mabaya, basi mie ndiye niliyempa," alisema. "Kwa mkono wangu huu. Nani anataka kuambiwa hivyo?"

Siku kumi zilizopita alikubali unga umwagwe chooni mwake. Tisa kati ya hizo ndoo imetoka na maji yasiyo na rangi, na jana alianza hata kumtania fundi.

Sasa ndoo inafika juu. Jovina anaimimina kwenye bakuli jeupe. Maji ni ya kijani, ya kijani kabisa, kama jani changa la mgomba. Albano amegeuka. Anaona, anapiga magoti mchangani.

"Mama Demetria, nisamehe..."

"Usiniombe msamaha leo, fundi. Siuwezi leo." Jovina analichukua koleo, anachota mchanga, anaumwaga kisimani. Tunausikia ukigonga maji. Anamkabidhi Albano mpini. "Fukia."

Anafukia mpaka adhuhuri. Majirani wawili wanamsaidia. Jovina amekaa kwenye kigoda anatazama, machozi yanamtoka na hayafuti.

Shimo linapokuwa sawa na ardhi, ndipo anapouliza atakunywa wapi. Albano anamwonyesha kilima kidogo nyuma ya nyumba, penye mikorosho. Ansbert amepapima. Ni juu kuliko vyoo vyote, na wenye viwanja wanane wameahidi kwamba hakuna atakayechimba choo ndani ya hatua mia moja. Albano anataka kuanza Juni, mvua zikiisha, achimbe mpaka futi arobaini kama italazimu; mpaka hapo ni foleni ya bomba. Akimaliza, atarudi kufukia visima saba vilivyobaki, ambavyo wenyewe wanangoja kisima hicho.

"Na utaonja kwanza?" Jovina anauliza.

"Nitaonja."

"Halafu urudi Chang'ombe kwenye chumba chako, ukanywe maji ya bomba. Kama ulivyofanya hapa."

Albano anamwongoza mpaka kilimani. Chini ya mkorosho wa mwisho imelazwa miti ya kujengea, mipya, imefungwa kwa ukindu, na mchanga umechorwa mraba wa chumba kimoja.

"Chumba cha Chang'ombe nimekirudisha tangu juzi," anasema. "Kisima hiki tutakunywa wote, Mama Demetria. Mie na wewe, kila siku."