Saksafoni Kwenye Beseni

Siku ile, katika chumba cha kurekodia Kawangware, tulikuwa sita: anko Ouko, mdogo wa mama, na saksafoni yake, Mwas wa kinanda, Shikuku wa besi, Juma wa ngoma, mdogo wangu Brayo, wa miaka mitano, na mimi, wa kumi na mmoja. Kuta zilifunikwa magodoro makuukuu ya kuzuia kelele, yakinuka mikojo ya watoto wa watu. Lakini niwaambie ukweli, harufu iliyonikaa puani hadi leo ni ya mate.

Mama alipofariki, anko alituchukua kwake mtaani Kambi Muru, chumba kimoja. Saksafoni ililala chini ya kitanda chetu. Sanduku lake likifunguliwa, ulitoka uvundo wa kinywa cha mtu aliyeamka sasa hivi. Kazi yangu ilikuwa kupitisha kitambaa ndani ya lile bomba, nacho kilitoka na ute wa kijani. Nilisugua mikono kwa jivu, na bado ugali ulinishinda.

"Hiyo si uchafu, ni pumzi," anko alinicheka. "Ona Brayo, haskii kinyaa. Huyu ndiye nitafunza."

Kweli, Brayo aliulamba ule ulimi wa mwanzi wa kupulizia saksafoni kama peremende. Nilikuwa nageuka nisitapike.

Asubuhi ya kurekodi albamu yao, anko alipokwenda kumchukua Shikuku upande wa Nyayo Highrise, mimi nilikuwa nafua. Nikaitumbukiza saksafoni kwenye beseni, maji moto na sabuni ya unga, nikaisugua kwa brashi ya viatu. Brayo alichezea povu hadi fulana ikalowa. Nikaianika juani, nikaipangusa, nikaifungia sandukuni. Nilijiona nimefanya la maana.

Kule Kawangware anko akapuliza. Ikatoka hewa tupu. Vile vipande vya ngozi vinavyoziba matundu vilikuwa vimefura kama mkate uliolowa chai. Akainusa.

"Nani ameosha hii kitu?"

"Wueh! Leo tumeisha," Juma akasema. Chumba kile walikuwa wamekipata kwa siku hiyo moja tu.

Anko alitutazama. Mimi nikaitazama fulana ya Brayo, yenye madoa ya povu lililokauka. Macho yangu yalitosha.

"Wewe! Usiwahi gusa saksafoni yangu tena. Na ile mambo ya kukufunza, sahau."

"Sawa, anko," Brayo akasema, akiangalia viatu vyake.

Walirekodi hivyo hivyo. Jazi yao haikuwa ya kuchezwa harusini: wimbo ulianza kwenye njia unayoijua, kisha kila mmoja akachepuka kivyake, wakakutana mbele. Noti za chini ziligoma, basi anko akang'ang'ana juu, akikohoa, mate yakimtiririka kidevuni, Mwas akimzibia mapengo. Mimi nilifurahi tu kwamba sikuchapwa. Sikuelewa kwamba ahadi ile ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo Brayo. Nikifikiria furaha yangu ile, kichefuchefu hunipanda kuliko cha mate yoyote.

Jumapili iliyopita Brayo, ambaye sasa ni fundi wa kuchomelea, alimchezea mkewe albamu ile kwenye simu. Saksafoni ilipokohoa, akacheka.

"Sikia hapo! Hiyo ni mimi niliosha. Nakumbuka mpaka brashi. Si ulikuwa hapo, sista?"

"Nilikuwa," nikasema.

Niliacha shule darasa la saba, nikawafulia watu wa mtaa wa Olympic hadi Brayo akamaliza kidato cha nne, na kila mwaka nilijiambia tumelipana. Hatujalipana. Ni sentensi moja tu ninayodaiwa, na mpaka naandika haya sijamwambia.