Asali ya Mutondo na Sauti ya Baba

Nakumbuka asubuhi ile ya kiangazi, mwanangu, baba yangu alipofungua kinywa kumwita mama, na badala ya jina la mama ikatoka hewa tupu. Akajaribu tena. Akashika koo, akatutazama mmoja mmoja kama mtu aliyeibiwa ndani ya nyumba yake. Sisi watoto tulicheka, tukidhani ni utani wake, maana baba alipenda utani. Mama hakucheka. Alijua ilikuwa wiki gani.

Ngoja nikueleze kwanza. Tulikaa Likasi, mtaa wa Kikula, katika nyumba ambayo baba aliijenga mwenyewe kwa matofali ya kuchoma. Alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha kompanyi, na alikuwa na sauti iliyofika hadi benchi la mwisho kanisani bila kulazimishwa. Kwa ajili ya sauti hiyo walimchagua kuongoza animasio. Wewe hujui animasio ni nini, na heri yako. Enzi zile za utawala wa mtu mmoja, kila kiwanda na kila shule ilikuwa na kikundi cha kuimba na kucheza, kumsifu kiongozi na Chama chake. Mkubwa akija kutoka Kinshasa, wafanyakazi walipangwa kando ya barabara wamwimbie. Jumamosi ya wiki ile alitegemewa mkubwa mmoja, na baba na wenzake walikuwa wamefanya mazoezi kila jioni katika baridi ya kiangazi chetu, vumbi na moshi. Sasa, mtu anayeongoza nyimbo akinyamaza siku kama hiyo, nani atasema anaumwa? Watasema amekataa. Na waliosemwa kwamba wamekataa, wengine hatukuwaona tena.

Nesi wa zahanati alimulika koo la baba, akampa vidonge na kumwambia apumzike. Mama, walipotoka huko, alipitia sokoni akanunua chupa ya asali.

Mama mzaa mama, tuliyemwita Kambo, alikuwa anakaa nasi. Alitia tone moja ulimini, akatafuna kama mtu anayetafuna swali.

"Hii haiko asali," akasema. "Hii iko sukari ya kuunguza. Uliiona inatoka wapi?"

"Niliiona inatoka kwenye chupa," mama akajibu kwa uchungu.

Nilikuwa binti wa sekondari wakati huo, na ugonjwa wangu mkubwa ulikuwa kuuliza. Nilikuwa nimesikia njia nyingi za kuitambua asali ya kweli. Wengine walisema ukiitia majini inazama bila kuyeyuka. Wengine walisema wadudu chungu hawaigusi. Jirani mmoja aliapa kwamba njiti ya kiberiti iliyochovywa katika asali safi lazima iwake. Basi nikachukua asali ya mama, nikachukua na tone la asali ya zamani ambayo Kambo aliitunza katika kikopo kwa ajili ya kupaka vidonda, nikazijaribu zote mbili uani. Zote zikazama. Chungu wakaja kwa zote, tena kwa furaha. Njiti ikawaka upande huu, ikakataa upande ule, kisha nikirudia ikageuza. Nikakaa chini na glasi zangu, nimechanganyikiwa.

Kambo alikuwa akinitazama. "Unatafuta nini?"

"Nataka kujua ipi ni ya kweli, Kambo."

"Ya kweli utaijua siku utaiona inatoka ndani ya muti. Enda kwa mujomba yako."

Mjomba Kasongo, ndugu wa mama, alilima na kurina asali upande wa Mulungwishi. Kesho yake alfajiri mama alinitafutia nafasi juu ya kamyo lililokuwa likienda kupakia mahindi. Baridi ya Katanga wakati wa kiangazi unaijua; nilifika meno yakigongana. Mjomba alinisikiliza habari za baba hadi mwisho, akachukua shoka dogo, kamba ya gome la mti, beseni na makaa machache katika kopo lililotobolewa. Tukaingia porini.

Nilidhani anajua mti wa kwenda. Kumbe hakujua. Alitembea akipiga mluzi na kugonga mashina kwa mpini wa shoka, mpaka kandege ka rangi ya kahawia, kasikokuwa na uzuri wowote, kakaja kutua tawi la mbele yetu na kuanza kupiga kelele kama mtu anayetikisa kiberiti.

"Huyo ametuona," mjomba akasema.

Kandege kakaruka, tukafuata. Tukichelewa, kakarudi kutuita. Nilifuata mdomo wazi, mwanangu. Nilimuuliza mjomba nani alimfundisha ndege huyo kuongea na watu, akasema labda ni ndege aliyewafundisha watu. Hatimaye kakanyamaza juu ya mti wa mutondo, mkubwa, na mimi sikuona kitu. Mjomba akanishika kichwa akakigeuza polepole kuelekea jua, na hapo nikawaona: nyuki wakiingia na kutoka katika ufa wa shina, wakimetameta kama vumbi kwenye mwanga wa dirisha.

Mjomba alipanda kwa kamba yake, akatia majani mabichi kwenye makaa, akapuliza moshi ndani. Alipanua ule ufa kidogo tu kwa shoka, mkono ukaingia mpaka begani. Mimi nilisimama mbali, lakini nyuki mmoja aliniona niko karibu, akanichoma kwenye sikio. Nilipiga ukelele. Mjomba akacheka huko juu, na aliposhuka aliukwangua mwiba kwa ukucha. "Usiufinye," akasema, "ukiufinya unajimiminia sumu."

Kisha akanionyesha masega ndani ya beseni kama mtu anayefungua kitabu cha picha. Haya yaliyofunikwa vifuniko vyeupe yameiva. Haya yaliyo wazi bado ni maji, ukiyachanganya asali yote itachacha. Huu unga wa njano ni vumbi la maua, chakula cha watoto wao. Nilionja kila kitu. Asali ile ilikuja kwanza kama ua, halafu kama moshi, halafu ikakereketa nyuma ya koo.

"Kwa nini inakereketa, Mjomba?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Baba yangu pia alikuwa hajui. Weye unasoma, utafute." Nimetafuta, mwanangu. Kila mtu niliyemuuliza alinipa jibu lake.

Niliona bado kuna masega mengi ndani ya mti, na beseni halijajaa. Nikamwambia, "Chukua yote, Mjomba, Papa apone upesi aimbe."

Hapo ndipo alipobadilika uso. Hakupaza sauti, lakini alinitazama mpaka nikainamisha macho.

"Nani alikuambia asali inaimba? Sikia, binti. Asali inalainisha koo. Inatuliza kikohozi. Ukiipaka kwenye kidonda kilichosafishwa, inakisaidia kufunga. Hiyo njo kazi yake. Koo inajiponesha yenyewe, mwenye koo akinyamaza. Mwambie baba yako anyamaze. Usimwahidi kitu ambacho nyuki hawakumwahidi." Akaonyesha mti kwa kidevu. "Na hawa wako na baridi kama sisi. Ile iliyobaki ni yao."

Akavunja kipande cha sega tupu, nta tu, akakiweka juu ya jiwe mahali pa wazi. Tulipogeuka, kandege kalikuwa kameshuka, kanakula. Nilirudi nyuma nitazame, mjomba akanivuta mkono, kamyo halingenisubiri.

Nyumbani, Kambo aliichuja asali kwa kitambaa safi, hakuipasha moto. Alimpa baba kijiko kizima asubuhi, na jioni kingine katika maji ya uvuguvugu yenye ndimu. Maji ya moto aliyakataa. Alisema yanaifanya iwe sukari tu. Sina hakika kama ni hivyo, nakuambia alivyosema yeye. Halafu akaleta amri iliyokuwa chungu kuliko dawa yoyote: baba asiseme, hata kwa kunong'ona.

Unajua nyumba ambayo mwenye sauti kubwa amenyamaza inakuwaje? Tulisikia saa ya ukutani, ambayo nilikuwa sijui kwamba inalia. Tulimsikia mama. Ilionekana mama alikuwa na habari nyingi za kusimulia, na baba, kwa kuwa hakuweza kumkatiza, alizisikia zote. Alitikisa kichwa, alipiga makofi kutuita. Mara moja nilimwona akicheka bila mlio mpaka machozi yakamtoka.

Lakini usiku hakuwa analala vizuri. Siku zilikuwa zinakwenda na sauti haikuja.

Ijumaa jioni, Sitwayeni Mutombo alipiga hodi. Wakati huo ilikuwa lazima kumwita kila mtu "sitwayeni", yaani raia. Neno "bwana" lilikuwa limepigwa marufuku. Yeye alikuwa mkubwa wa sehemu ya kazi ya baba, na msimamizi wa kikundi cha nyimbo. Mama akasimama, akafuta mikono yake mikavu.

"Jambo yenu," Mutombo akasema.

"Jambo, sitwayeni. Ikala," Kambo akamsogezea kiti.

Hakukaa. "Bananiambia weye unakataa kuimba," akamwambia baba.

Baba akafungua kinywa. Niliona mishipa ya shingo ikisimama. Angejibu, na angejibu kwa nguvu zake zote. Kambo, aliyekuwa na kijiko cha jioni mkononi, akakitia ndani ya kile kinywa kilichofunguka.

"Hawezi kujibu," akasema. "Nesi alimukataza, na miye nimemukataza."

"Mama, sikia. Bakubwa bakiuliza, hawatauliza koo yake. Bataniuliza miye. Na miye nitasema nini?" Sauti yake ilikwaruza na kukatika kwenye neno la mwisho. Hapo nikaelewa kwamba mtu aliyesimama mlangoni kwetu alikuwa anaogopa, pengine kuliko sisi.

Kambo pia alisikia. "Na weye sauti inaisha. Batu bangapi unapigia kelele kwa kazi kila siku? Fungua."

Sijui ni nini kilimfanya atii. Labda hakuna mwanaume anayejua kumkatalia bibi mwenye kijiko. Alionja, akafumba macho, akakaa kwenye kiti.

"Hii imetoka wapi?"

Mama akanisukuma mbele, nami nikamsimulia: mluzi, kandege, ufa kwenye mti, nyuki wa sikio langu. Alianza kwa kusikiliza kama mkubwa, akaishia kuuliza kama mwanafunzi.

"Na ndege anapata nini?"

"Nta."

"Anakula nta? Nta ya mishumaa?"

"Nilimwona kwa macho yangu."

Akatikisa kichwa muda mrefu. Alisema nyanya yake, kule Kamina, alikuwa akimpaka asali midomo ilipopasuka kwa kiangazi, naye akiilamba kabla haijakauka, akachapwa. Alipoinuka kwenda, alisimama mbele ya baba na kuongea taratibu.

"Kesho usimame mbele, kama siku zote. Fungua kinywa. Mikono uichezeshe sana. Sauti itatoka kwa bengine."

Kambo akamfungia asali kidogo katika kichupa cha dawa.

Jumamosi tulisimama barabarani tangu asubuhi, watoto wa shule upande mmoja, wafanyakazi upande wa pili. Magari yalipotokea, baba aliinua mikono, akafungua kinywa chake kama lango la kanisa, akaimba bila kutoa hata pumzi. Alicheza, akatoa jasho, akainamisha kichwa mahali pa kuinamisha. Magari yakapita kwa kasi bila kusimama, vumbi likatufunika wote. Mama mmoja kando yangu akapangusa uso, akamwonyesha baba na kusema, "Leo Papa Ngoie ameimba kupita siku zote." Niliuma midomo nisicheke, mpaka ikauma.

Hakuna aliyeitwa, hakuna aliyeulizwa.

Siku kadhaa baadaye tulikuwa mezani, tukila bukari, yaani ugali wetu, na samaki wa mto Lufira. Baba alimega, akatafuna, akasema, "Chumvi."

Mama aliweka mikono usoni akalia. Baba alidhani amemkosea kuhusu chakula, akaanza kuomba msamaha kwa sauti nene, yenye mikwaruzo, lakini yake. Kanisani alirudi kuimba mwezi uliofuata. Zile noti za juu kabisa hazikurudi, naye hakuzitafuta.

Ilikuwa asali, au ule ukimya? Niliwahi kumuuliza nesi. Alicheka, akasema angekuwa na wagonjwa wanaonyamaza hivyo, angemgawia kila mmoja kijiko. Mimi bado najiuliza.

Sasa nisikilize, mwanangu. Ukipata asali ya porini, ipokee kwa heshima. Itumie kwa kikohozi, pamoja na ndimu au tangawizi. Ipake midomo iliyopasuka na kidonda kidogo kilichooshwa. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka usimlambishe hata kwenye ncha ya kidole. Hilo nililijua kwa mkunga nilipozaa, Kambo hakulijua. Mwenye sukari mwilini amuulize daktari. Kikohozi kisichoisha, kidonda kinachonuka, usikifiche nyuma ya kijiko: nenda hospitali. Usinunue chupa kwa sababu ya rangi yake, mjue aliyerina. Mti usiuangushe kwa ajili ya beseni moja, na nyuki waachie chakula chao. Na usiache kuuliza. Mtu akikujibu "sijui", mshukuru, maana hajakudanganya.

Mungu akujalie koo lenye afya na maneno ya kweli ya kulipitia. Nyumba yako isikose kitu kitamu, wala mtu wa kukigawia. Nenda salama, mwanangu.