Mkalimani wa Zahanati ya Liboi

Nina miaka sabini na mbili. Mzungu aliondoka, ukame ulipita, mimi nipo.

Nyinyi mnaosoma karatasi hii ukutani hotelini, msicheke.

Leo zahanatini, nesi hajui Kisomali, mkimbizi mjamzito hajui Kiswahili. Nani anajua lugha zote mbili? Mimi.

Nesi akasema, "Muulize kama anatoka damu."
Nikamuuliza. Akafunika uso.
Nikajibu mwenyewe: "Hakuna."

Mke wangu, anayeuza maziwa hapo mlangoni, akaingia. "Mzee, toka. Mwanamke atakuambia wewe habari ya damu?"
Nikakataa. Akanisukuma, wallahi.

Akamuuliza yeye. Kumbe damu inatoka tangu jana.

Gari ya zahanati imewapeleka hospitali Garissa, mkimbizi na mke wangu. Mimi sikai, nazunguka tu.

Muulizeni nesi. Aliandika jibu langu, halafu akalikata kwa kalamu mbele yangu.