Lango Katikati ya Barabara ya Shangazi

Nilitoka Makongeni na hasira. Miaka ile ya tisini, habari zilinifikia kanisani kwamba shangazi yangu Rasoa, aliyeolewa mashambani mbele ya Komarock, ameanguka na kuvunjika paja, na hakuna gari linaloweza kumfikia. Haliwezije, na kwake kuna lami?

Asubuhi, mimi na binamu yangu Wekesa tulichukua pikapu ya jirani tukafuata barabara ya Kangundo. Baada ya Komarock tukaingia barabara ile ya zamani. Lami ilikuwa imemeguka, nyasi zimeota katikati. Mbele kidogo, lango la chuma lilikuwa limeikatiza, na seng'enge pande zote.

"Hapa hapapitwi," akasema soja aliyelilinda lango. "Ni shamba la mkubwa."

"Buda, hii ni barabara ya serikali!" Wekesa akafoka.

"Ilikuwa. Ilifutwa kwenye ramani barabara mpya ilipojengwa. Mkubwa akapewa ardhi yake."

Tukaacha gari, tukapenya kwenye seng'enge na kwenda kwa miguu. Mahindi yalikuwa yamepandwa hadi kwenye lami iliyomeguka.

Kwa shangazi, majirani walikuwa wamejaa. "Umefika, baba," shangazi akaninong'oneza, jasho likimtoka.

Jirani yake, Mama Nduku, alisema kwa ghadhabu: "Baba mkwe wangu alivunja mawe ya barabara hii kwa kiboko cha mkoloni. Uhuru ukaja, ikatiwa lami, maziwa yetu yakafika mjini. Halafu barabara mpya ikapita mbali, na hii yetu wakaifuta. Nani alituuliza? Tulijua siku tulipoona lango!"

Tulimlaza shangazi juu ya mlango tuliong'oa jikoni, tukambeba wanaume wanne. Kina mama walitangulia.

Langoni soja akasema ufunguo anao mkubwa, naye yuko mjini. Shangazi akalia kwa maumivu. Mama Nduku alishika nguzo ya lango, wenzake wakashika, wakaitikisa hadi ikang'oka. Soja alitazama kando, kisha akaja kutusaidia kumpandisha shangazi kwenye gari.

Shangazi alilazwa hospitalini muda mrefu. Alirudi kwake akitembea kwa mkongojo. Lango lilikuwa limesimamishwa upya kwa saruji, na kina mama wameling'oa tena.

Nilichojifunza huko ni kwamba kufuta barabara ni kazi ya kalamu moja tu. Lakini mwenye kalamu ile hajawahi kubeba mgonjwa juu ya mlango.